U, O, A, E, I: sikio linavyojifunza kusawazisha muziki

Chukua wimbo wa taarab uliorekodiwa vyema, kila chombo kwenye traki yake. Fungulia fidla peke yake, ni tamu. Fungulia akodiani, nayo ni tamu, imejaa. Kanuni inang'aa, udi umetulia chini yake, besi na dumbaki vimekaa sawa. Sasa fungulia vyote kwa pamoja, umlete na mwimbaji. Ubeti wa kwanza unapita na maneno hayakamatiki. Unajua kuna mtu anaimba, unasikia hata uchungu wake, lakini alichosema hukukipata. Prodyuza anampandisha sauti. Mwimbaji anakaa juu ya muziki, ametengwa nao. Anamshusha, anazama tena.

Kwa taarab, hiyo si hasara ndogo. Wimbo wa taarab huenda kwa mafumbo, na fumbo zima laweza kuning'inia kwenye neno moja. Mama anayeinuka kitini na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji ameinuliwa na mstari fulani uliomgusa yeye, au uliomchoma jirani yake. Neno likimezwa, kinabaki kiitikio cha kuchezea tu. Ndiyo maana nasema kusawazisha sauti, kazi ambayo vijana wa studio huiita ikwalaiza au EQ, ni kazi ya kulinda maneno kabla ya kuwa kazi ya kupendezesha ala.

Maneno huzama kwa sababu inayoeleweka. Sauti ni mtetemo, na sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia karibu 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani masafa ya hezi 20 hadi 20,000. Uzi wa chini kabisa wa fidla hutetema hezi 196. Mwanamke anayeimba taarab hutumia sehemu kubwa ya wimbo kati ya hezi 200 na 500, na juu ya kila noti yake hupanda mitetemo mingine midogo, mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, ambayo ndiyo inayotufanya tumtambue kuwa ni yeye na si mwingine. Taarab nayo imejengwa hivi: fidla, akodiani, kanuni na udi hufuata ghani moja na mwimbaji, kila kimoja kikiipamba kwa namna yake. Wote wanadai eneo lilelile.

Ndani ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono, nao hupanga sauti kwa mahali: nyembamba hupokelewa karibu na mlango wa mrija, nzito mwishoni kabisa. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi wimbi linavyosafiri humo ndani. Kwa kuwa wimbi zito hulazimika kupita sehemu za sauti nyembamba kabla ya kufika kwake, linazitikisa njiani. Ndiyo maana besi iliyovimba hufunika maneno ingawa besi na maneno haviko eneo moja, wakati sauti nyembamba haina nguvu hiyo ya kuifunika besi. Anayelalamika kwamba mwimbaji hasikiki mara nyingi anapaswa kuangalia chini, kwenye besi, kabla ya kumgusa mwimbaji.

Ikwalaiza yenyewe ilianzia kwa mafundi wa simu. Waya mrefu hupoteza sauti nyembamba zaidi kuliko nzito, na mafundi walitengeneza saketi za kurudisha kilichopotea njiani. Kutoka hapo ikaingia redioni na kwenye sinema. Mwaka 1952 mhandisi wa Uingereza, Peter Baxandall, alichapisha katika jarida la Wireless World saketi ya vitufe viwili, besi na trebo, na hadi leo amplifaya nyingi za nyumbani zinafuata wazo lake. Mwaka 1972 Mmarekani George Massenburg aliwasilisha andiko kuhusu ikwalaiza inayomwachia fundi achague mambo matatu mwenyewe: aguse masafa gani, kwa upana gani, na apandishe au ashushe kiasi gani. Hicho ndicho kilichomo sasa ndani ya karibu kila programu ya kurekodi, hata nyingi za bure. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi huko Tandika au Kisauni anacho kitu ambacho studio kubwa za miaka ya sitini hazikuwa nacho.

Anachokosa ni sikio lililofundishwa, na hapo kompyuta haimsaidii sana. Inamchorea mstari unaopanda na kushuka, na akishauona mstari anaanza kutengeneza mchoro mzuri. Anatafuta pia majedwali: sauti ya kike pandisha hapa, ngoma ya kiki pandisha pale, gita kata huku. Majedwali hayo husambazwa sana, na kwa maoni yangu yanachelewesha watu. Hayamjui mwimbaji wako, hayajui maikrofoni ilikaa wapi, wala hayajui kwamba kwenye wimbo huu akodiani inapiga chini na kwenye ule inapiga juu. Sikio linajua, ila lazima lifundishwe kuyaita masafa kwa majina.

Na kwa kulifundisha, sisi tunaosema Kiswahili tuna ngazi tayari mdomoni.

Jaribu sasa hivi. Shika noti moja, yoyote, usiibadilishe. Juu ya noti hiyo sema "u" ndefu, kisha bila kukata pumzi geuza iwe "o", halafu "a", halafu "e", umalizie na "i". Koo lako halijabadilisha noti. Kilichobadilika ni umbo la mdomo na mahali pa ulimi, navyo vilikuwa vikipandisha masafa fulani na kushusha mengine. Mdomo ni ikwalaiza. Kila mtoto anayejifunza kusema anajifunza kuitumia, na kila anayesikiliza anajua kuitambua, kwa kuwa bila hivyo asingetofautisha "kula" na "kulia".

Baadhi ya walimu wa mafundi sauti huzitumia irabu kufundisha masikio, na mpangilio wake ni rahisi kukumbuka kwa sababu kila hatua ni mara mbili ya iliyotangulia. Ukipandisha sana masafa ya karibu hezi 250, muziki wote unapata rangi ya "u". Karibu na 500 unapata "o". Kwenye 1,000 ni "a". Kwenye 2,000 unasogea kwenye "e", na kwenye 4,000 unaisikia "i". Lugha zenye irabu kumi na zaidi, nyingine zikiteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, huwapa wanafunzi kazi ya kubishana ni "a" ipi inayosemwa. Kiswahili kina tano tu, safi, zisizoyumba.

Zoezi lake ni hili. Tafuta wimbo unaoujua vizuri, au ule mvumo wa "shhh" wanaoutumia mafundi kupimia spika. Mwenzako akae kwenye kompyuta, wewe uipe skrini mgongo. Apandishe hatua moja ya ngazi kwa desibeli 12, kiasi kikubwa ambacho hakuna anayekikosa, nawe useme ni irabu gani. Mkishazoea, ashuke hadi 6, kisha 3. Baadaye aache kupandisha, aanze kukata, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu sikio hugundua kilichoongezwa upesi kuliko kilichoondolewa. Dakika chache kila siku zinafaa kuliko Jumamosi nzima. Sikio lililochoka hukubali chochote.

Chini ya "u" kuna eneo la hezi 40 hadi 100 ambalo husikika kifuani kuliko masikioni. Juu ya "i" zinakuja konsonanti za kukwaruza: "sh" huanza chini kidogo, "s" huchukua kati ya 5,000 na 8,000, na juu zaidi inabaki pumzi tu, ule mng'aro wa matoazi na wa vijikengele vya rika, ile tari ndogo ya taarab.

Mtu akishaishika ngazi hii anaacha kusema "sauti haijakaa sawa" na kuanza kusema kitu kinachoweza kufanyiwa kazi. Sauti iliyorekodiwa mdomo ukiwa umegusa maikrofoni ina "u" nyingi. Akodiani iliyojaa inasema "o" muda wote. Spika ya bei nafuu hupiga kelele ya "a", kana kwamba mwimbaji amebanwa pua. Fidla inayotoboa masikio imezidisha "i". Hayo ni maelezo yenye anwani, na fundi anajua mkono uende wapi.

Turudi kwenye wimbo wetu. Mwimbaji tumwache kwanza. Kazi inaanzia kwa wale wasiohusika na eneo la chini. Kwa kuwa uzi wa chini wa fidla ni hezi 196, chochote kilichomo kwenye traki yake chini ya 150 hakikutoka kwenye fidla. Ni miguu inayopiga sakafu, ni feni, ni lori barabarani, ni mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50. Kila kimoja ni kidogo, lakini traki kumi zenye uchafu huo zikijumlishwa hufanya tope linaloifunika besi yenyewe. Kichujio kinachokata chini kinauondoa, na fidla haipotezi kitu. Vivyo hivyo kwa kanuni, kwa rika, na kwa mwimbaji kwa kiasi chake. Udi nausihi uguswe kwa huruma, maana nyuzi zake za chini zina maana kubwa kwenye taarab na watu wengi huzikata bila kufikiri.

Kisha akodiani. Hiyo "o" yake inayoelekea "a" ndiyo inayokalia maneno. Ikipunguzwa desibeli 3 hapo, kwa upana wa kutosha usisikike kama shimo, mwimbaji anatokea mbele bila kuongezwa chochote. Huu ndio wakati wengi wanaogopa, kwa sababu wakiifungua akodiani peke yake wanaikuta imekonda. Wanairudisha. Nawaomba waiache. Hakuna msikilizaji atakayeisikia akodiani hiyo peke yake. Ataisikia ikiwa na wenzake, na kile kilichopungua kwake kimejazwa na udi na sauti ya mwimbaji. Na pale mwimbaji anaponyamaza na ala kuchukua nafasi, akodiani irudishiwe mwili wake, kwani programu nyingi za leo huruhusu badiliko liingie na kutoka kwa wakati wake. Fundi anayeirudisha kwa sekunde hizo chache anamheshimu mpigaji.

Ikibidi kupandisha kitu kwa mwimbaji, ni kidogo tu kati ya "e" na "i". Irabu hubeba ghani, konsonanti hubeba maana. Kinachotofautisha "pendo" na "tendo" ni mpasuko mfupi mwanzoni, ambao ni sehemu ndogo mno ya sekunde: "p" hupasuka kwa sauti ya chini iliyotawanyika, "t" huwa na nguvu juu, karibu na hezi 4,000. Fidla nne zikiwa zinawaka hapohapo, tofauti hiyo inafutika na mshairi amepoteza fumbo lake. Ila ukizidisha, kila "s" na "z" itachoma, na Kiswahili kinazo nyingi.

Kuna mitego ambayo haihusu ufundi wa ikwalaiza bali mwili wetu na mahali tunapofanyia kazi. Wa kwanza ni kwamba chochote chenye sauti kubwa zaidi tunakiona kizuri zaidi. Ukipandisha masafa fulani, traki nzima imeongezeka sauti, nawe unafurahia ongezeko ukidhani unafurahia usawazishaji. Dawa ni kuishusha traki hadi ilingane na ilivyokuwa mwanzo, kisha kuzima na kuwasha ikwalaiza huku macho yamefumbwa. Mara nyingi badiliko ulilolipenda linaonekana halikuwa na faida. Wa pili waliueleza Fletcher na Munson wa maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio letu hupunguza besi kuliko masafa ya kati, na ikiwa kubwa, besi hurudi. Anayefanya kazi kwa kishindo anaona kila kitu kimejaa. Wimbo ukipigwa kwa sauti ndogo sebuleni, unasikika umekonda. Afadhali kiwango cha mazungumzo. Zaidi ya hapo kuna afya yenyewe: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Kwenye 94 imebaki saa moja. Vijana wetu wengi hukesha juu ya hapo, na kinachokufa mapema ni masafa ya juu, yaleyale yanayobeba maneno.

Mtego wa tatu ni chumba. Studio zetu nyingi ni vyumba vya kulala, na ukutani pamebandikwa trei za mayai. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Haliioni trei kabisa. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 kinalingana na nusu ya wimbi hilo, kwa hiyo hezi 50 hujikusanya kutani na kupotea katikati. Prodyuza aliyeweka kiti chake katikati ya chumba haisikii besi hiyo, anaiongeza, na ikifika kwenye gari vioo vinatetemeka. Kusogeza kiti kuelekea ukuta mmoja, kwa hatua ndogo, huku ukisikiliza wimbo wa watu wengine unaoufahamu, kunasaidia kuliko ikwalaiza yoyote. Magodoro mazito yaliyosimamishwa pembeni nayo yanasaidia kwa kiasi. Ikwalaiza haiwezi kutibu chumba, kwa kuwa tatizo hubadilika ukisogea hatua moja.

Halafu wimbo unatoka, na unaenda kusikilizwa kwenye simu. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 au 300, wakati uzi mnene wa gita la besi ni hezi 41. Je, besi imepotea? Si lazima. Simu za waya zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, wakati mwanaume akisema mtetemo wake wa msingi uko kati ya 85 na 180. Hata hivyo tulimtambua baba kwa neno la kwanza, na alikuwa na sauti nzito ileile. Ubongo husikiliza mitetemo ya juu, ukaijenga ya msingi wenyewe. Kwa hiyo anayetaka besi isikike kwenye simu aitafute kati ya "o" na "a", pale vidole vinapogusa uzi, aipe nafasi hapo. Akipandisha hezi 50, simu haitabadilika hata kidogo, ila spika za ukumbini zitalalamika.

Singeli, muziki wa kasi, ina sheria yake kuhusu besi. Mapigo yakizidi 200 kwa dakika, kutoka kiki moja hadi nyingine ni chini ya sehemu 3 za kumi za sekunde, na mlio mzito wenye mkia mrefu haujafa kabla mwingine haujazaliwa. Watengenezaji wazuri wa singeli hukata huo mkia na kuiacha kiki iwe kavu, na wanaowacheka kwa ukavu huo hawajajaribu kuicheza kwenye spika za sherehe ya mtaani ya kigodoro.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakukuwa na traki wala kurekebisha baadaye. Miongo kadhaa baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi zikipiga kwa pamoja, na fundi mitambo alikuwa na njia chache tu. Usawa ulipatikana kwa nani asimame karibu na maikrofoni na nani arudi nyuma, na zaidi kwa upangaji wa muziki. Sikiliza magita ya dansi: solo limepanda juu, ridhimu limebaki katikati na kupiga kwa vipande, besi inaacha nafasi kubwa za ukimya, na mwimbaji akiingia, solo linanyamaza. Masafa yalikwisha gawanywa mazoezini. Prodyuza anayekaa kwenye mazoezi ya kikundi na kumwomba mpiga akodiani apige oktavu ya juu wakati wa ubeti amefanya kwa sentensi moja kile ambacho plagini tatu za kompyuta zingefanya nusu.

Wimbo ukishafikia hapo, mpelekee mtu ambaye hajawahi kuusikia. Asiwe mwanamuziki. Mpe simu, si hedfoni, mahali penye kelele za kawaida, na umwombe aandike maneno ya ubeti wa kwanza anavyoyasikia. Usimsaidie. Mstari alioukosea uutazame: ni ala gani ilikuwa inapiga wakati ule, na ilikuwa inasema irabu gani? Kata hapo desibeli moja au mbili, kisha umtafute msikilizaji mwingine, kwa sababu yule wa kwanza sasa anayajua maneno.